Mfuko wa chini ya kaunta: duka la mtaa na familia inayokimbia vipigo

Mwanamke akienda kituo cha polisi, mtaa mzima unajua kabla hajatoka. Akienda kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, jirani atamwona kwenye benchi akisubiri. Akienda dukani kununua chumvi, hakuna anayegeuza shingo. Hiyo ndiyo mali ambayo duka linayo na ofisi hazina, na makosa mengi ya wenye maduka wenye nia njema ni ya kuipoteza mali hiyo: bango ukutani, sanduku la michango lenye maandishi makubwa, mfuko wa msaada unaotambulika kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka wa Busia, Malaba, Arua, Kisenyi au popote Uganda, anayetaka duka lake liibebe familia kwa saa chache au siku tatu za mwanzo, kisha aikabidhi kwa wenye kazi hiyo. Duka si makao, si mahakama, si zahanati. Tunataja mama na watoto kwa sababu ndio wengi watakaofika, lakini mwanamume anayepigwa naye huja, na mzee anayenyang'anywa pesa na wanawe pia. Sheria ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2010 haichagui mtu, tena haihesabu kipigo peke yake. Inahesabu ukatili wa kingono, matusi na vitisho, na hata wa kiuchumi, kama kumnyima mtu matumizi au kumpora mapato yake.

Jua njia kwanza

Usianze na unga, anza na miguu. Tenga asubuhi moja uende mwenyewe kila mahali utakapompeleka mtu, kwa sababu namba za kwenye karatasi za semina mara nyingi zimekufa, au mwenyewe alishahamishwa. Unaowatafuta ni afisa wa kitengo cha polisi cha ulinzi wa watoto na familia, katibu wa wanawake wa LC1, afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya), afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, na kituo cha afya chenye mhudumu usiku. Ulizia pia shirika lenye makao ya muda karibu nawe. Upande wa mashariki MIFUMI, iliyoanzia Tororo, inajulikana kwa kazi hii. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa msaada wa sheria bila malipo.

Kila mmoja muulize mambo matatu. Nani hupokea simu saa nne usiku? Mtu aje na karatasi gani? Na mama akija na mtoto wa kiume wa miaka 13 atapokelewa? Hilo la mwisho watu husahau. Yapo makao yasiyopokea wavulana wakubwa, na mama akilikuta jambo hilo mlangoni usiku, hugeuza njia akarudi alikotoka.

Namba za kukariri ni chache. Sauti 116 ni ya bure na hupokea mambo ya watoto na ya ukatili wa kijinsia. Polisi ni 999 au 112. Walio mpakani wawe macho: ukiwa Busia au Malaba simu hushika mtandao wa Kenya yenyewe, na namba fupi uliyopiga inaweza kuitikiwa na watu wa upande wa pili ambao hawana la kukusaidia. Ingia kwenye mipangilio ya simu ya duka, ondoa kuchagua mtandao kiotomatiki, ufunge kwenye mtandao wa Uganda.

Chunguza na ukoo. Mwenyekiti wa LC1 akiwa shemeji yake mpigaji, mlango huo si mlango. Utahitaji mwingine kabla ya siku yenyewe.

Pesa ya mfuko

Huruma isiyo na hesabu hufilisi duka kisha humwacha mtu njiani. Tenga kiasi kisichouma. Duka linalouza shilingi 200,000 kwa siku na kubaki na faida ghafi ya 20,000 linaweza kuweka kando 1,000 kila jioni. Mwisho wa mwezi ni 30,000. Maduka matano ya barabara moja yakifanya hivyo yana 150,000, na hapo ndipo jambo linaanza kuwa na mwili: mifuko, nauli ya boda boda, dawa.

Pesa hiyo isikae kwenye droo ya mauzo, maana jioni ya kukosa chenji italiwa na hairudi. Ikae kwenye kopo lake lenye kufuli, na nusu yake iwe noti za 5,000 na 1,000, kwa kuwa usiku hakuna wa kuvunja 50,000. Funguo mbili, watu wawili. Kila mwisho wa mwezi mnahesabu pamoja na kuandika mstari mmoja: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jina la aliyesaidiwa haliandikwi popote. Andika "mfuko 1, nauli 1", basi.

Ukitaka kopo la wateja kuacha sarafu, liandike "Msaada wa majirani". Ni kweli, na halimwambii mtu yeyote habari za mtu yeyote.

Mifuko miwili, si mmoja

Familia inayokimbia usiku haina jiko. Kuwapa unga saa tano usiku ni kuwaongezea mzigo. Kwa hiyo weka mfuko wa usiku na mfuko wa siku tatu.

Wa usiku ni wa kuliwa papo hapo: biskuti pakiti nne, maji chupa mbili za lita moja na nusu, pedi pakiti moja, nepi tano, leso moja kubwa, malapa jozi moja ya mtu mzima na moja ya mtoto, tochi ndogo. Malapa yana kazi kuliko yanavyoonekana. Watu wengi hutoka nyumbani bila viatu, na mwanamke anayetembea peku usiku na watoto anaonekana na kila mtu. Mkate usiuweke, utaota kuvu. Uchukue kwenye rafu siku hiyohiyo.

Wa siku tatu hesabu yake ni ya mama na watoto watatu. Mtu mzima hula kama gramu 400 za unga kwa siku na mtoto kama 250. Jumla ni gramu 1,150 kwa siku, basi kilo tatu na nusu zinatosha. Maharagwe kilo moja, mafuta ya kupikia robo lita hadi mililita 300, sukari nusu kilo, majani ya chai pakiti ndogo, chumvi pakiti ndogo, kiberiti. Sabuni nusu mche. Ukijua wanakoenda hakuna sufuria, badala ya maharagwe weka njugu za kukaanga na maziwa ya unga, maana maharagwe makavu hula makaa ya saa mbili au zaidi, na mgeni hana uso wa kuomba makaa hayo kwa mwenyeji.

Sasa linaloharibu mifuko mingi: sabuni na unga kukaa pamoja. Wiki mbili tu, posho, yaani ugali, inanuka sabuni na watoto wanaikataa. Funga sabuni, pedi na leso kwenye kifurushi chao, uviunganishe siku ya kutoa. Unga nao usizidi wiki sita mfukoni. Ukiisogeza tarehe, utafungua ukute wadudu. Kila mwanzo wa mwezi rudisha vya mfukoni kwenye rafu viuzwe, uweke vipya. Hivyo mfuko haukugharimu kitu mpaka siku unapotoka.

Mfuko wenyewe uwe ule unaofungia wateja wote. Ukinunua mikoba myekundu ya kupendeza kwa ajili ya kazi hii, baada ya mwezi kila mtu atajua mkoba mwekundu maana yake nini.

Kwenye kaunta

Usimuulize mtu mbele ya mteja mwingine, wala mbele ya mtoto anayejua kuongea, kwa kuwa mtoto atasimulia nyumbani bila ubaya wowote. Subiri duka liwe tupu, endelea kupima sukari, useme kama unayezungumza na mzani: "Mama Aisha, leo kurudi nyumbani ni salama?" Swali hilo hujibiwa kwa neno moja. Likijibiwa "ndiyo" ingawa jicho limevimba, usibishane. Sema, "Sawa. Hapa mlango una upande wa nyuma, na simu ipo." Kisha mpe chenji yake. Wengi huitikia mara ya tatu au ya nne.

Maneno yanayofunga mlango yanajulikana: "Kwa nini usimwache?" "Ulimfanya nini?" "Vumilia kwa ajili ya watoto." Na ahadi ya "nitaongea naye" ni hatari kuliko yote matatu, maana atajua siri imetoka, na atakayelipa ni yule aliyesema.

Neno la siri linafaa, ila usilibandike ukutani, mume naye anajua kusoma. Mpe mtu mmoja mmoja. Chagua kitu usichouza, kinachoulizwa kwa nadra, mfano utambi wa stovu mahali ambapo kila nyumba inapikia sigiri. Akiulizia utambi, maana yake anahitaji kukaa nyuma. Akiulizia utambi "wa leo leo", piga simu. Msaidizi wako wa duka lazima alijue, la sivyo atamjibu "hatuna, nenda ng'ambo" na atakwenda.

Mwenye duka mwanamume asimpeleke mwanamke chumba cha nyuma wakiwa wawili. Awepo mke, dada au jirani mwanamke. Na msaada hauna malipo ya aina yoyote: si kazi ya kufagia, si namba ya simu, si "utanikumbuka". Yupo mtu mmoja katika kila mtaa anayengoja nafasi kama hiyo. Asishike ufunguo wa kopo.

Simu na kitabu cha madeni

Hapa ndipo siri nyingi huvuja. Ukimtumia pesa kwa mobile money, ujumbe unaingia na jina lako na kiasi, na wanaume wanaopiga mara nyingi ndio hao hao wanaokagua simu. Mpe taslimu, au mlipe boda boda moja kwa moja. Akipiga simu kwa simu ya duka, mwambie afisa wa upande wa pili mapema asirudishe simu ovyo. Polisi akipiga saa sita mchana na kuuliza kwa sauti "yule mama aliyepigwa yuko wapi?" huku mume amesimama kwenye kaunta akinunua sigara, kazi yote imekwisha.

Kitabu cha madeni kisiwe na mstari wa vitu vya mfuko chini ya jina lake. Mume huja kulipa deni la nyumbani, anasoma "malapa, biskuti, pedi", anaanza kuuliza. Angalia pia upande wa pili wa kitabu hicho: mwanamume anayekopa pombe na sigara kwa jina la mke, halafu mke anadaiwa sukari ya watoto. Deni hilo liandike kwa jina la aliyechukua, na umwambie siku hiyo hiyo.

Mtu akiingia mbio

Usiku ule hakuna muda wa kufikiri, kwa hiyo mpangilio uwe umezoeleka:

1. Mpitishe nyuma ya kaunta, kisha mlango wa nyuma, kwa jirani mliyekubaliana. Hesabu watoto na uulize waliobaki ni wangapi.
2. Usishushe mlango mpigaji akiwa ndani ya duka. Umejifungia na chui.
3. Piga 999, useme mahali kwa alama, si kwa jina la duka tu: "nyuma ya msikiti, karibu na kinu cha unga".
4. Mpigie mtu wa pili katika orodha yako, asiye wa ukoo wa mpigaji.
5. Ita boda boda unayemjua. Mwambie aendako akiwa karibu, si kwa kupaza sauti stendi. Mlipe kabla hajaondoka.

Umati ukianza kumkamata mume na kutafuta mawe, zuia. Hilo si kwa faida yake. Mtu akiuawa mbele ya duka lako, kesi ya mke inazikwa chini ya kesi ya mauaji, mashahidi wote wanakimbia, na watoto wanabaki na jambo zito zaidi.

Majeraha yasiyoonekana ndiyo ya kuogopa. Aliyekabwa koo aende hospitali hata kama shingo haina alama: sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, kizunguzungu au kupoteza fahamu hata kidogo ni dalili mbaya, na uvimbe huweza kuziba pumzi saa kadhaa baadaye. Mjamzito aliyepigwa tumboni, na aliyepigwa kichwani akaanza kutapika, nao hawangoji asubuhi.

Aliyebakwa ana saa za kuhesabu. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano, nazo zikiwahi ndipo zina nguvu. Asioge kabla ya kupimwa akiweza kuvumilia. Nguo alizovua zisiwekwe kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaobaki ndani huzioza na kuharibu ushahidi. Weka bahasha mbili kubwa za kaki kwenye mfuko wa usiku kwa kazi hiyo. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote vilivyomo, na mahakamani ndivyo vizito.

Karatasi

Tiba kwanza, fomu baadaye. Watu hurudishwa kutoka zahanati wakaambiwa "leta barua ya polisi" huku damu inatoka. Hiyo ni kinyume. Akishatulia, polisi humpa fomu PF3 kwa majeraha au PF3A kwa ukatili wa kingono. Ni za bure. Mhudumu wa afya huijaza, nayo inarudi polisi. Apige nakala kabla ya kuirudisha, na asiondoke kituoni bila namba ya SD, yaani namba ya kitabu cha kituo. Bila namba hiyo, wiki ijayo atasimulia upya kwa afisa mwingine kana kwamba hajawahi kufika.

Mahakama ya LC ina uwezo wake katika sheria ya 2010: kuonya, kuamuru ushauri nasaha, fidia, hata faini. Lakini mpigaji akiwa amerudia, au ikionekana atamdhuru tena, shauri linapaswa kupelekwa polisi na kwa hakimu. Kubaka, na kunajisi mtoto wa chini ya miaka 18, si mambo ya kumalizwa kwa mbuzi na soda kwenye kibaraza cha mwenyekiti. Hakimu ndiye hutoa amri ya ulinzi, inayoweza kumzuia mpigaji kukaribia. Kosa la ukatili wa majumbani lenyewe lina kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi pointi 48, na pointi moja ni shilingi 20,000, au vyote viwili.

Kuna kisa cha ng'ombe pia. Wazazi humrudisha binti wakihofia kudaiwa mahari. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na MIFUMI, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ivunjwe ni kinyume cha katiba. Mwenye duka si wakili, lakini baba mzee akija kununua tumbaku na hofu hiyo kichwani, anaweza kuelezwa.

Duka linaweza kumhifadhia nakala: kitambulisho cha taifa, kadi za chanjo, vyeti vya watoto, PF3. Bahasha aifunge mwenyewe, asaini juu ya gundi, nawe usiifungue. Iweke juu, mbali na panya na mafuta ya taa. Usipige picha karatasi zake wala uso wake kwa simu yako, hata kwa nia ya kuonyesha wafadhili kazi yenu.

Akirudi kwa mume

Wengi hurudi, na wengi huondoka tena. Usimnunie, usimfungie mkopo, usiseme "nilikuambia". Siku ya kuondoka na wiki zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa kwake, kwa hiyo anayepima muda wake si lazima awe mwoga. Jaza mfuko upya kesho yake.

Akibaki nje, msaada wenye faida kuliko unga wa pili ni bidhaa za kuanzia. Mpe miche 10 ya sabuni kwa bei ya jumla, alipe ya kwanza ndipo apate ya pili. Akishindwa mzunguko wa kwanza, hasara yako ni miche 10. Ukimpa bidhaa za laki mbili akashindwa, mnakosana. Asiuzie mtaa ule ule. Daftari na kalamu za watoto zitoe kwenye kopo bila kuzidai.

Na mume atakuja. Atauliza kama mkewe alipita. Jibu liwe moja kwako, kwa msaidizi na kwa jirani wa nyuma: "Wateja ni wengi, siwezi kukumbuka nani alipita." Usiseme "sijamwona" kama mtoto wa jirani alimwona. Usimpe kiti, usimpe ushauri, mhudumie anachonunua. Akikaa, mpigie mwenzako wa duka la jirani aje "kuazima mizani". Wauzaji wawili kwenye kaunta moja humfanya mtu kukumbuka kwamba ana safari.

Ukisafiri, mwachie msaidizi ufunguo wa mlango wa nyuma na namba za kwenye orodha, amezisoma mbele yako kwa sauti. Funguo za kopo zibaki kwa watu wale wale wawili. Ila wewe ukiwa mmoja wao, kabidhi wako kwa mwenye duka la pili, na mhesabu kilichomo kabla hujapanda gari.